Antena ya Juu ya Mnara, Ambayo Hakuna Anayeiulizia

Hapa Tanga picha ikiganda katikati ya taarifa ya habari, wa kwanza kulaumiwa ni king'amuzi, wa pili ni kifurushi, na wa tatu ni fundi aliyepanda juu ya bati kufunga antena. Ni nadra kumsikia mtu akiulizia antena ya upande wa pili, ile iliyofungwa juu kabisa ya mnara wa kurushia matangazo, ilhali hiyo ndiyo inayoamua ni mtaa gani utapata picha safi, ni kijiji gani kitabahatisha, na ni bonde gani halitapata kitu hata wakazi wake wakinunua king'amuzi cha bei kubwa kuliko vyote vilivyomo dukani. Nimeifuatilia habari hii kwa muda mrefu, kwa kusoma na kwa kuzungumza na mafundi wanaopanda minara, na naona inastahili kuandikwa kwa kirefu, kwa sababu mkoa wetu, wenye bahari mbele na Milima ya Usambara nyuma, unaidhihirisha kazi ya antena hizo kuliko mikoa mingi ya nchi hii.

Tukumbuke kwanza tulikotoka. Mwaka 2006, mjini Geneva, nchi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati zilikubaliana chini ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) kugawana upya masafa ya televisheni, na zikajiwekea tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulindwa kwa matangazo ya analojia katika sehemu kubwa ya masafa hayo. Tanzania haikungoja siku za mwisho. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na mwezi mmoja baadaye, tarehe 31 Januari 2013, ikawa zamu ya Dodoma na Tanga. Waliokuwapo wanakumbuka manung'uniko ya wiki zile. Katika analojia, aliyekuwa mbali na mnara alipata picha yenye chenga, lakini mpira aliuona na sauti aliisikia. Katika dijitali, king'amuzi husahihisha makosa ya mawimbi mpaka kikomo fulani. Makosa yakiwa ndani ya kikomo hicho picha ni safi kabisa, na yakikizidi ni kioo cheusi. Kwa hiyo watu wawili wanaoishi umbali wa nyumba chache wanaweza kuwa na hali zilizo kinyume kabisa, na kila mmoja akaapa kwamba mwenzake ana king'amuzi bora zaidi. Kumbe kilichobadilika kati ya nyumba hizo mbili ni kiasi kidogo tu cha nguvu ya mawimbi yanayotoka mnarani.

Sasa tuitazame antena yenyewe kwa karibu. Fundi mmoja wa Chumbageni, mtu mzima aliyefanya kazi ya minara tangu enzi za analojia, amehifadhi nyuma ya karakana yake paneli moja kuukuu iliyoshushwa na kubadilishwa. Ni bapa jeupe la fibaglasi lenye urefu wa mita moja hivi na upana wa nusu mita, ambalo mpita njia angeweza kulidhania kuwa kifuniko cha tangi. Nilipomwamkia na kumwomba anionyeshe ndani, alifungua skrubu za pembeni, akalinyanyua lile ganda, na hapo zikaonekana jozi nne za vyuma vifupi zilizopangwa moja juu ya nyingine mbele ya ukuta wa alumini, zikiunganishwa na mikanda ya shaba kutoka katikati. Vipimo vyake si vya kubahatisha. Mawimbi ya megahezi 600 yana urefu wa sentimita 50, kwa hiyo chuma kinachoyarusha hukatwa kulingana na urefu huo, na ukuta wa nyuma huyazuia yasirudi mnarani bali yaende mbele. "Hiki, kijana wangu, peke yake si kitu," alisema akigonga bapa lile kwa kidole. "Kazi yake ni kukaa na wenzake, na kukaa juu."

Kukaa na wenzake ndiko kunakozaa antena kamili. Paneli hufungwa pande nne za mlingoti ili zitazame pande zote, kisha pande hizo nne zikarudiwa ghorofa juu ya ghorofa, nne, nane au hata kumi na sita. Antena haitengenezi nguvu hata kidogo. Inakusanya tu ile iliyopewa na mtambo ulioko chini, kama mtu anayeziba nusu ya mdomo wa mpira wa maji ili maji yaruke mbali. Nguvu ambayo ingepotea mawinguni na kwenye msingi wa mnara hubanwa ikawa tabaka jembamba linalotambaa kuelekea upeo wa macho. Ghorofa zikiongezeka, tabaka huwa jembamba zaidi na umbali huongezeka. Ndiyo maana wataalamu wanapotaja nguvu ya kituo cha kurushia, hutaja ile inayohesabiwa baada ya kukusanywa na antena. Mnara wa Crystal Palace jijini London, wenye urefu wa mita 219, ulirusha analojia kwa kilowati 1,000 za namna hiyo. Tangu analojia ilipozimwa pale mwezi Aprili 2012, dijitali inarushwa kwa kilowati 200, na bado kila masafa sasa yanabeba chaneli nyingi mahali palipobeba moja.

Wembamba huo wa tabaka una gharama yake, na hapa namkumbuka shangazi yangu wa Ngamiani, ambaye siku moja aliniuliza kwa uchungu wa kweli, "Mwanangu, mnara ninauona kwa macho yangu hapa hapa, mbona picha nakosa mimi, anapata mtu wa Pongwe?" Swali lake ni la kihandisi kabisa. Tabaka lisipoinamishwa hupita juu ya vichwa vya walio karibu, na kati ya tabaka kuu na matabaka madogo yaliyo chini yake huwa na mapengo ambamo mawimbi hudhoofika sana. Wabunifu hulitatua jambo hili kwa njia mbili. Kwanza hutofautisha urefu wa kebo zinazolisha ghorofa za juu na za chini, ili mawimbi ya ghorofa zote yakutane yakiwa yameinama kidogo. Kuinama kwa digrii moja tu kutoka mnara wa mita 200 hufanya kitovu cha tabaka kifike ardhini umbali wa kilomita 11 na nusu hivi. Pili, huzipa baadhi ya ghorofa nguvu isiyolingana na ya nyingine, wakipoteza kidogo cha kwenda mbali ili yale mapengo ya karibu yazibwe. Nusu digrii ikikosewa wakati wa kufunga, mtaa mzima unaweza kulipia vifurushi vya picha zinazokatika, na hakuna fundi wa juu ya bati anayeweza kulirekebisha kosa hilo.

Kukaa juu ni hesabu nyingine. Mawimbi ya televisheni ya dijitali husafiri karibu sawa na mwanga, yakiinama kidogo tu kufuata mviringo wa dunia. Kwa kanuni inayotumika kila siku, mnara wa mita 100 huona upeo wa kilomita 41, wa mita 200 huona kilomita 58, na wa mita 300 huona kilomita 71; antena ya nyumbani iliyoinuliwa mita 10 huongeza kilomita 13 za kwake. Ona kwamba kuuongeza mnara urefu mara mbili hakuongezi umbali mara mbili, na hapo ndipo fedha zinapowashinda wengi. Katika tambarare za North Dakota, Marekani, ambako watu ni wachache na mashamba ni makubwa, waliamua kuilipa gharama hiyo: mwaka 1963 walisimamisha mlingoti wa KVLY wenye mita 629 unaoshikiliwa na nyaya za chuma, na kwa miaka mingi ukawa miongoni mwa vitu virefu kuliko vyote vilivyowahi kujengwa na binadamu. Tokyo walikuwa na sababu tofauti. Mnara wao wa zamani, wenye mita 333, ulianza kuzingirwa na majengo marefu, kwa hiyo wakajenga Skytree wa mita 634, uliofunguliwa Mei 2012 na kuanza kubeba matangazo makuu ya televisheni ya jiji mwaka uliofuata. Paris nao wanautumia mnara wa Eiffel, ambao kibali chake cha awali kilikuwa cha miaka 20 tu na ambao huenda ungebomolewa kama redio isingeonyesha kwamba sehemu ndefu ya kufungia antena ina thamani kubwa kuliko pambo.

Lakini hakuna mnara wa Tanga mjini, hata ungekuwa na urefu wa Skytree, ambao ungeifikia Mlalo moja kwa moja. Kutoka mjini kwenda Muheza ardhi inapanda taratibu na mawimbi hayapati taabu kubwa. Baada ya hapo inasimama Usambara ya Mashariki, na nyuma yake zaidi Usambara ya Magharibi yenye vilele vinavyozidi mita 2,000, na mabonde ya Soni, Bumbuli na Lushoto yamejificha katikati yake. Mawimbi ya masafa haya hayajui kupanda ukuta na kuteremka upande wa pili. Kilima huyakata, na nyuma ya kilima hubaki kivuli. Mkazi wa bonde la namna hiyo anaweza kununua antena ndefu, kikuza mawimbi na kebo ghali, na asivune chochote, kwa sababu kikuza mawimbi hukuza kilichopo, na hapo hakuna kilichopo.

Dawa yake inajulikana, na imetumika kwingine kwa uvumilivu mkubwa. Uingereza, ambayo milima yake si mirefu kushinda yetu, haikuridhika na vituo vyake vikuu 80 hivi. Iliongeza vituo vidogo mpaka jumla ikapita 1,000, vingi vikiwa ni mlingoti mfupi juu ya kilima, wenye paneli chache zinazotazama bonde moja tu la Wales au la Scotland. Vituo vikuu vingi hurusha mawimbi yaliyolala, na vile vidogo vingi hurusha yaliyosimama wima, ili antena ya nyumbani iliyofungwa kwa kufuata kimoja isisumbuliwe sana na kingine. Wapo wanaosema kwamba dishi la setilaiti limekwisha kuyamaliza mambo haya, nao hutaja mfano wa Uswisi, nchi ya milima iliyozima matangazo yake ya dijitali ya minara mwezi Juni 2019. Sikubaliani na kulinganisha huko. Uswisi ilizima baada ya karibu kila nyumba kuwa na kebo, setilaiti au intaneti ya kasi, na waliobaki wakitegemea mnara walikuwa wachache mno. Mkulima wa viazi wa Lushoto hayuko katika hali hiyo, na antena ya kawaida iliyofungwa kwenye mti wa mbele ya nyumba bado ndiyo njia rahisi kwake kuliko zote, ilimradi kuwe na mlingoti kwenye kilima anachokiona.

Dijitali ilileta pia jambo ambalo analojia haikuliweza, nalo linanifurahisha kila ninapolifikiria. Zamani, mawimbi ya chaneli moja yakikufikia kutoka njia mbili, moja likichelewa, ulipata picha yenye kivuli pembeni, mtangazaji akawa na vichwa viwili. Kwa hiyo minara jirani ililazimika kutumia masafa tofauti, na masafa yakaisha. Katika DVB-T, mfumo wa kurusha dijitali kutoka minarani, na mrithi wake DVB-T2, data hugawanywa katika maelfu ya mawimbi membamba, na kabla ya kila kipande huachwa muda wa kungoja, ili mawimbi yaliyochelewa yafike bila kuharibu yanayofuata. Mpangilio mmoja wa DVB-T huacha sehemu 224 za milioni moja ya sekunde, muda ambao mawimbi husafiri kilomita 67. Katika DVB-T2 upo mpangilio unaoacha sehemu 448, sawa na kilomita 134. Maana yake ni kwamba minara kadhaa inaweza kurusha matangazo yale yale kwa masafa yale yale, kwa saa iliyolinganishwa na setilaiti, na king'amuzi kikayapokea yote kuwa msaada badala ya fujo. Mkoa wenye umbo la mkoa wetu, wenye ukanda wa pwani, ukuta wa milima na mabonde nyuma yake, ni mahali panapofaa sana kwa mpango wa namna hiyo.

Upande wa baharini una mambo yake. Mbunifu wa antena ya mji wa pwani hujiuliza kwanza kama kuna haja ya kuwapa samaki robo ya nguvu yake, na mara nyingi hupunguza paneli za upande wa maji na kuongeza za bara. Kwetu si rahisi hivyo, kwa kuwa ng'ambo iko Pemba, na kaskazini, si mbali, uko mpaka wa Kenya, ambako masafa lazima yapangwe kwa maelewano. Tena bahari hubeba mawimbi kwa namna ya ajabu. Katika jioni tulivu zenye joto, hasa miezi ya kaskazi, hewa kavu ikilala juu ya hewa yenye unyevu iliyo karibu na maji, mawimbi hunaswa katika tabaka hilo na kusafiri mamia ya kilomita badala ya kuishia kwenye upeo. Matangazo ya kituo cha mbali huingia mahali yasipotarajiwa, na yakiwa na masafa sawa na ya kwenu, picha hukatika bila mtu yeyote mnarani kukosea.

Kisha kuna chumvi. Kusi inapovuma, huipeleka mpaka juu ya minara, ikapenya kwenye nati, vibanio na maungio. Bomba la shaba linalopandisha nguvu kutoka kwenye mtambo hujazwa hewa kavu yenye shinikizo ili unyevu usiingie, na fundi wa zamu huangalia kipimo chake kila siku. Mpira wa ungio mmoja ukichakaa, hewa huvuja, maji huingia, na sehemu ya nguvu hurudi chini badala ya kurushwa; mtambo unapohisi hivyo hujipunguza wenyewe ili usiungue, na nyumba zilizokuwa ukingoni mwa eneo la matangazo ndizo za kwanza kupoteza picha. Yule fundi wa Chumbageni alinionyesha boliti mbili zilizotoka kwenye paneli ile ile: ya chuma cha pua, iliyobaki inang'aa, na ya chuma cha kawaida kilichopakwa rangi, ambayo ilimeguka vipande kati ya vidole vyake. Anayenunua ya pili ili kuokoa fedha anamwandalia hatari mtu atakayepanda baada yake.

Hatari hiyo si ya maneno. Mwaka 2018, karibu na Fordland, Missouri, mnara wa televisheni wenye urefu unaokaribia mita 600 ulianguka wakati mafundi wakibadilisha vyuma vyake vya mshazari ili uweze kubeba antena mpya, na fundi mmoja akafariki. Kazi hiyo ilikuwa sehemu ya zoezi kubwa la kuwahamisha warushaji wa Marekani, stesheni 987, kwenda chaneli nyingine baada ya sehemu ya masafa yao kuuzwa kwa kampuni za simu, zoezi lililokamilika Julai 2020. Jijini New York, tarehe 11 Septemba 2001, stesheni nyingi zilikuwa na antena zao kuu juu ya mnara mmoja wa World Trade Center. Mnara ulipoanguka, mafundi mitambo sita wa televisheni walipoteza maisha, na iliyoendelea kuonekana vizuri hewani ni ile iliyokuwa na antena ya akiba kwenye Empire State. Kaskazini mwa Uingereza, tarehe 10 Agosti 2021, moto uliuharibu mlingoti wa Bilsdale wa mita 314, ukalazimika kuangushwa, na mamia ya maelfu ya nyumba yakakosa televisheni kwa wiki nyingi; mlingoti wa muda wa mita 80 ulipowashwa, nyumba nyingi bado zilibaki nje, kwa sababu ile ile ya upeo niliyoieleza. Ninapowaza kuhusu Tanga, ninajiuliza kwanza kama mnara una antena ya akiba, au angalau antena kuu iliyogawanywa nusu ya juu na nusu ya chini, kila nusu na bomba lake, ili moja ikiharibika nyingine iendelee.

Ombi langu kwa wenye leseni za kurusha, na kwa wanaowasimamia, ni dogo na halina gharama. Tume ya mawasiliano ya Marekani huweka wazi kwa kila stesheni urefu wa antena yake, nguvu yake, na ramani ya pande inazorushia, na msimamizi wa Uingereza hutoa taarifa za vituo vyake, hata vile vidogo vya mabondeni. Taarifa hizo hizo kwa kila mnara wa mkoa wa Tanga zibandikwe kwenye maduka yanayouza ving'amuzi, kuanzia Ngamiani hadi Korogwe na Lushoto, kwa Kiswahili: mnara uko wapi, antena ina urefu gani, mawimbi yamelala au yamesimama, na vijiji gani viko kivulini. Muuzaji amwonyeshe mteja ramani kabla ya kupokea fedha yake, na anayetoka bonde lisilofikiwa aambiwe hivyo hapo hapo dukani.